Wageni tisa, siku sita, tanki moja la maji

Barua

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata na mume wangu kwenye nyumba ya vyumba vitatu na choo kimoja. Mume wangu ndiye kifungua mimba kwao, na tangu baba mkwe afariki, Krismasi ya ukoo imehamia kwetu. Mama mkwe anatoka Iringa pamoja na wifi yangu na watoto wake wawili. Shemeji anatoka Dodoma na mkewe na watoto watatu. Hao tisa wanalala kwetu, wanafika tarehe 22 jioni, kuondoka hakuna anayejua. Tarehe 25 wanaongezeka ndugu wanane wa hapa hapa mjini, wa Mbagala na Kigamboni, wakubwa sita na watoto wawili. Ukituhesabu na sisi watano, kwenye chakula tunakuwa 22.

Mwaka jana nilianza kumenya vitunguu tarehe 24 jioni, nikalala saa 9 usiku, misa sikwenda. Pilau ya kilo 8 niliipika kwenye sufuria moja, chini ikaungua na juu mchele ukabaki na kiini. Chakula kilitoka saa 11 jioni, watoto wameshalia mpaka wamesinzia. Kesho yake pilau iliyobaki ilikuwa inanuka na kuteleza, tukaimwaga. Gesi iliisha Krismasi asubuhi. Tarehe 27 maji yakaisha. Tuna simtanki la lita 1,000 na bomba linatoa maji mara mbili kwa wiki. Mama mkwe hakuniambia kitu, ila nilimsikia akimwambia wifi kwamba mwenye nyumba hana uso wa wageni.

Hela ndiyo usiseme. Zilitoka kama laki tisa na nusu. Ndugu wote kwa pamoja walichanga laki moja na nusu, tena nyingine ilikuja sikukuu imeshapita. Januari nikakopa kikoba ili nilipe ada.

Mume wangu anasema kuwatajia ndugu habari za hela ni kuwafukuza. Sitaki kuwafukuza, nawapenda, ila sitaki kurudia yale. Sasa ni Oktoba. Nianzie wapi?

Mke wa kifungua mimba, Tabata

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole. Umeandika Oktoba, hapo tayari umeokoa nusu ya kazi. Anayeuliza tarehe 20 Desemba ushauri wake huwa mmoja tu: anunue kuku wa kuchoma.

Mambo ya pilau nitakujibu, lakini kilichokumaliza si pilau. Piga hesabu nami. Wageni wakifika tarehe 22 jioni na kuondoka tarehe 28 asubuhi, ukitoa ule mchana wa Krismasi, nyumba yako inatoa milo 16 kwa watu 14. Hizo ni sahani 224. Krismasi yenyewe ni sahani 22. Wewe uliandikia bajeti zile 22, na zile 224 ukazinunua kwa Mangi wa duka la mtaani siku kwa siku, sukari robo, mafuta ya kupima, unga kilo moja moja. Laki tisa zilipitia hapo.

Kwa hiyo chukua daftari, fungua kurasa mbili. Moja iandike "Tarehe 25", nyingine "Siku nyingine". Ukurasa wa pili ndio unaoanza nao.

Kwa watu 14, wakubwa sita na watoto wanane, hesabu watoto wawili kama mkubwa mmoja. Unapata sahani kumi kila mlo. Ugali wa sahani kumi unataka unga kilo 2. Wali unataka mchele kilo moja na nusu. Maharage makavu kilo moja yanatosha mboga ya mlo mmoja. Ukipanga ugali mara tano, wali mara tatu, makande mara moja na kiporo mara moja, orodha yako ni unga kilo 10, mchele kilo 5, maharage kilo 4 au 5 pamoja na ya makande. Sukari watu huipunja: vikombe viwili vya chai kwa mtu kwa siku, vijiko viwili kila kikombe, kwa watu 14 ni karibu robo tatu ya kilo kila siku mbili hadi tatu. Weka kilo 2 na zaidi kidogo. Nunua vikavu vyote hivi Novemba, siku moja, duka moja la jumla. Maharage chemsha yote tarehe 20 bila chumvi, yapooze, yafunge kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, yagandishe. Siku ya kula unaunga tu kwa dakika ishirini, na gesi yako hailiwi na maharage ya saa mbili.

Sasa hela za ndugu. Mumeo ana hoja. Barua ya mke inayotaja michango haisomwi vizuri ukweni. Lakini yeye ndiye kaka mkubwa, na kaka mkubwa akiwapangia wadogo zake hafukuzi mtu, anaongoza. Aandike yeye, mwanzoni mwa Novemba, kwenye kundi la familia, na ataje vitu kabla ya fedha. Mfano:

"Ndugu zangu, Krismasi ni kwetu Tabata kama kawaida. Chakula ni saa 8 mchana. Mama na dada, mkitoka Iringa tunaomba viazi debe moja. Wa Dodoma mje na mafuta ya alizeti lita 5. Wa Mbagala soda kreti mbili za baridi. Wa Kigamboni matunda. Nyama, kuku na mchele niachieni mimi. Na kila nyumba tuchange elfu hamsini ya matumizi ya siku zote, imfikie dada kabla ya tarehe 10 Desemba."

Angalia ilivyopangwa. Viazi vya Iringa, alizeti ya Dodoma: kila mtu analeta kinachopatikana kwa urahisi anakotoka. Kreti mbili ni chupa 48, yaani mbili kwa mtu na nne za akiba. Waambie wa Mbagala waulize mapema kama duka linataka chupa tupu au amana, maana wengi hukwama hapo tarehe 24. Wa Kigamboni wamepewa kitu cha kuliwa mwisho kwa makusudi. Usimkabidhi mtu wa kivuko nyanya za kachumbari zinazosubiriwa jikoni. Na mpokea fedha ni wifi yako, siyo wewe. Ndugu atamchelewesha shemeji wa Tabata bila wasiwasi, dada yake wa damu atamwogopa. Hiyo elfu hamsini ni mfano, mbadilishe kwa hali zenu, na mwenye mkono mfupi mpeni kazi badala ya fedha, mkazitaje kazi hizo mapema.

Kuhusu kikoba: vingi hugawana mwezi wa 12. Kama chako ni hivyo, ada ya watoto ilipwe wiki ile ile unayopokea, kabla hujanunua hata kitunguu, na risiti uiweke. Sare na viatu vya shule vinunue safari moja na nguo za Krismasi, Novemba, siku ya kazi asubuhi. Kariakoo ya wiki ya mwisho unalipa kwa kusukumwa. Huhitaji kwenda na watoto watatu. Wasimamishe kwenye boksi, chora nyayo, kata, nenda na vipande hivyo dukani, acha upana wa kidole mbele.

Tarehe ya kuondoka. Kumuuliza mama mkwe anaondoka lini huwezi, na usijaribu. Mumeo anunue tiketi za kurudi za mama na dada yake kama zawadi, za tarehe 28, na amkabidhi mama siku anayofika. Bahati nzuri safari zenu zinakwenda kinyume na za mji. Kabla ya Krismasi wengi wanatoka Dar, baada yake wanarudi Dar. Wa kwenu wanaingia wenzao wanapotoka. Hata hivyo mabasi ni yale yale, kwa hiyo tiketi ya Iringa pale stendi ya Mbezi Luis isisubiri siku ya safari. Shemeji wa Dodoma akate ya treni ya SGR, kwenda na kurudi, mara tarehe zinapofunguliwa, na watu wazima wawe na vitambulisho.

Maji. Mtu mmoja anayeoga ndoo moja ya lita 20, akaenda chooni mara kadhaa, na sehemu yake ya kupika na kuosha vyombo, anamaliza lita 40 bila kujivunja. Watu 14 ni lita 560 kwa siku. Simtanki lako halimalizi siku ya pili, na bomba lako linakaa siku tatu au nne bila kutoa. Kwa siku nne unahitaji lita 2,240, una pengo la lita 1,240. Hilo halizibwi na madumu. Azima mapipa matatu ya lita 200 yenye mifuniko, uyajaze bomba likitoa kati ya tarehe 19 na 22, na sehemu iliyobaki nunua boza dogo mgawane na jirani. Watoto waoge nusu ndoo. Maji ya kufulia ya mwisho yaende chooni.

Na choo chenyewe: fungua mfuniko wa chemba mwanzoni mwa Desemba uangalie. Shimo lililokuwa linatosha watu watano, lililopokea mvua za vuli, halitapokea watu 14 kwa siku sita kimya kimya. Kama maji yamepanda karibu na bomba linaloingia, ita gari la kunyonya wiki hiyo hiyo, siyo tarehe 23 wakati kila nyumba imekumbuka.

Vitanda nitapita haraka. Mama mkwe apewe kitanda cha watoto wako, chumba chenye feni, karibu na choo. Godoro la futi tano kwa sita linalaza watoto wanne wakilala kwa upana. Kila godoro na chandarua chake. Matundu ya kamba za kufungia yatobolewe ukutani kabla ya wageni, siyo usiku wa kwanza kwa misumari na mwanga wa simu.

Gesi. Mtungi haukuambii umebaki na nini, ila mzani unasema. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa au kuandikwa kwenye kola ya juu. Upeleke kwenye mzani wa muuza mchele, toa uzito ule, kinachobaki ni gesi. Huna mzani? Mwagia maji ya moto ubavuni, subiri kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini: panapogeuka baridi ndipo gesi ilipofika. Jaza mtungi tarehe 20, na uazime mdogo wa kilo 6 ukae pembeni. Umeme wa LUKU nunua kabla ya tarehe 22. Chupa za maji za lita moja na nusu zigandishe kuanzia tarehe 18. Umeme ukikatika zinashikilia friza, na usipokatika zinaingia kwenye ndoo ya soda.

Sasa tarehe 25. Lengo ni moja: kazi zote zinazoweza kufanyika kabla zitoke siku hiyo. Mchele wa kilo 8 ulikuwa mara mbili ya mahitaji. Wakubwa wenu ni 12, watoto 10, hiyo ni sahani 17. Kilo moja ya mchele wa pilau yenye nyama na kuku pembeni inatosha wakubwa sita. Kilo 3 zinawashibisha, ya nne ni ya majirani. Nyama ya ng'ombe kilo 3, na kuku wa kienyeji watatu, kila mmoja vipande vinane, unapata 24 kwa watu 22. Kuku wachinjwe tarehe 23 jioni, na mwombe jirani Muislamu achinje. Mtaa wa Dar ndivyo ulivyo, sahani yako ya Krismasi itavuka ukuta kama ya Idi ilivyovuka kuja kwako, na lazima iweze kuliwa huko inakokwenda.

Vitunguu kilo moja na robo menya na kaanga tarehe 22 au 23, mpaka viwe kahawia ya gome, kabla ya kuwa vyeusi; vikipita hapo pilau inakuwa chungu na hakuna cha kurekebisha. Weka kwenye friji. Tangawizi na kitunguu saumu saga pamoja, gandisha kwenye trei ya barafu. Viungo kwa kila kilo moja ya mchele: binzari nyembamba kijiko kimoja cha chakula, karafuu na hiliki punje nane nane, mdalasini vijiti viwili, pilipili manga kijiko kimoja cha chai. Vikaange vikavu kwa dakika mbili, viponde nusu, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Tarehe 24 asubuhi chemsha nyama na kuku, kila kimoja sufuria yake. Kuku wa kienyeji asiyechemshwa hakaangiki. Nje anakauka na ndani anakuwa mpira. Supu ya nyama ihifadhi, ndiyo maji ya pilau yako.

Mchele wenyewe ujaribu Novemba, siku ile unaponunua. Pika glasi moja kwa glasi moja na nusu ya maji. Ukishikana, ni mpya, punguza. Ukibaki mgumu, ongeza robo. Uandike kipimo hicho kwenye gunia.

Pika kwenye sufuria mbili za lita 10 hadi 12, kilo 2 kila moja. Mwaka jana pilau iliungua kwa sababu kilo 8 ni nzito: mvuke haufiki juu kabla ya chini kukauka, na plati ya gesi inachoma katikati tu. Tumia majiko mawili ya mkaa. Supu ikikaribia kukauka na mchele umeanza kutoboka vishimo, ondoa mkaa mwingi chini, funika, palia mfunikoni kwa dakika 20 hadi 25. Usikoroge. Anayekoroga pilau wakati huo anapika bokoboko.

Muda wako unakuwa hivi. Nusu ya nyumba iende misa ya mkesha, wewe ukiwamo, nusu iende ya asubuhi. Saa 5 na nusu mkaa unawashwa. Saa 6 pilau zote mbili ziko jikoni, mke wa shemeji anakaanga kuku kwenye gesi. Saa 7 watoto wakubwa wanakata kachumbari, chumvi na limau vinaingia wakati wa kupakua, la sivyo nyanya zinatoa maji na mnakula supu. Saa 8 mnakula. Chapati ziondoe kabisa siku hiyo. Mbili mbili kwa watu 22 ni chapati 44, unga kilo 4, na mtu mmoja kusimama mbele ya chuma zaidi ya saa mbili. Atakayezitaka azisukume tarehe 26.

Pilau iliyobaki ilioza kwa sababu ilikaa sufuriani usiku kucha kwenye joto la Desemba. Mchele una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Chakula kikiwa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Ndani ya saa mbili tangu kupakua, itandaze kwenye sinia ipoe haraka, kisha friji. Hotpoti inalinda chakula kikiwa bado kinatoa moshi tu. Kikishafika vuguvugu, hotpoti ndiyo inakiharibu, na hapo watu hukosea kila mwaka.

Limebaki la mama mkwe. Nadhani mwaka jana alikaa sebuleni tangu asubuhi akisubiri chakula, akiwa mpishi wa miaka yote ya ukoo huo, bila hata kuulizwa chumvi. Mwaka huu mpigie wewe mwenyewe, Novemba, umuulize anavyotia viungo vyake, na ukiandika daftarini uandike vipimo vyake, siyo vyangu. Siku yenyewe saa 5 na nusu mwekee kiti cha mgongo uani, kivulini, katikati ya majiko mawili. Mpe mwiko na kopo la viungo, mwambie wajukuu watamletea mkaa. Wewe nenda kaoge.